Mama anasema riwaya yangu ya watoto ni kitabu cha uchawi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 34, nafundisha Kiswahili darasa la tano katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, huku Dodoma. Baba alifariki nikiwa sekondari. Aliyenisomesha ni mama, kwa shamba la karanga na kuku wa kienyeji. Sasa ana miaka 68, anaishi Mpwapwa na wajukuu wawili, watoto wa dada yangu.

Miaka mitatu iliyopita shule yetu ililetewa boksi la vitabu vya Kiingereza. Kimojawapo kilikuwa riwaya nene ya watoto, habari za mtoto anayekwenda kusoma shule ya bweni ya uchawi. Kiingereza chake wanafunzi wangu hawakiwezi, basi kila Ijumaa kipindi cha mwisho nikawa nawasimulia kwa Kiswahili. Shangazi, sijawahi kuona darasa la watoto 70 likinyamaza vile. Kengele inagongwa, hakuna anayeinuka. Kilipokwisha, binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, na cha kwetu kiko wapi?" Swali lile lilininyima usingizi. Nikanunua kaunta buku, nikaanza kuandika.

Nimemaliza mwaka jana, kurasa 180, nimechapisha steshenari kwa pesa yangu. Jina lake ni "Shule ya Wachawi Wadogo". Ni habari za Sechelela, msichana wa miaka 11 kutoka kijiji kama chetu, anayepata barua ya kuitwa kwenye shule ya uchawi iliyo ndani ya ngome ya mawe juu ya mlima wenye theluji. Anajifunza kuruka, kugeuza vitu, kusoma mawazo. Adui yake ni Bibi Makaa, kikongwe anayeishi peke yake pembeni mwa kijiji, macho mekundu kama makaa, ndiye anayekausha visima. Mwishoni anateketea ndani ya nyumba yake kwa moto wa uchawi wake mwenyewe.

Nimekuwa nikiwasomea wanafunzi sura moja kila Ijumaa, nao wameipenda kupita kile cha Kiingereza. Imewakolea mpaka kuna bibi mmoja jirani na shule, anaishi peke yake, sasa wanamwita Bibi Makaa. Nilicheka, nikajua hadithi imefika.

Tatizo ni mama. Likizo ya Desemba nilikwenda Mpwapwa, usiku nikawasomea wapwa zangu uani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage. Nilipofika sura ya nne, aliinuka, akaacha ungo pale pale, akaingia ndani. Asubuhi akaniambia, "Hicho kitabu kichome kabla hakijakuchoma." Nikamwambia ni hadithi tu. Akasema sijui ninachokichezea, akataja habari za mama yake mkubwa, marehemu, aliyehamishwa kijijini zamani. Sikuona uhusiano. Tangu hapo nikimpigia simu anajibu kwa mkato. Amemweleza na mzee wa kanisa, naye akanipigia kuniuliza kama ni kweli nafundisha watoto uchawi.

Naomba uniambie: ni kweli nimekosea? Rafiki yangu ananishauri nichapishe kwa jina la bandia ili mama asijue. Na mchapishaji mmoja niliyempelekea alisema nikiandike upya kwa Kiingereza ndipo kitauzika. Nimechoka, lakini kitabu hiki nakipenda kama mtoto wangu.

Mwalimu wa Ijumaa, Chamwino

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kalamu mkononi, na sentensi niliyoipigia mstari haimhusu mama yako. Ni ile ya bibi jirani na shule. Umeiandika kwa furaha, kama cheti cha mtihani uliofaulu. Mimi iliniondoa kwenye kiti. Kwa hiyo nitaanza na huyo bibi. Mama yako, kitabu na mchapishaji wanaweza kungoja siku mbili tatu. Bibi yule hawezi.

Unajua kama ninavyojua kwamba katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Habari nyingi zilitoka kanda ya ziwa, lakini tusijidanganye kuwa uvumi una mipaka ya mkoa. Mara nyingi huanza kidogo. Mtoto wa mtu anafariki, ng'ombe wanakufa, mvua inachelewa, anaitwa mpiga ramli, naye anaonyesha kidole upande ambao tayari watu wananong'ona. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya damu iliyokwisha kumwagika. Sasa fikiria: kijiji chenye watoto 70 wanaorudi nyumbani kila jioni na jina la Bibi Makaa mdomoni. Leo ni utani wa watoto. Mwakani, kisima kikikauka kweli, jina litakuwa limeshakaa tayari, linamsubiri.

Na macho yale mekundu yanatoka wapi? Jikoni, miaka hamsini ya kupuliza kuni kwenye nyumba isiyo na dirisha. Na huku kwetu kati kuna sababu nyingine ambayo mwalimu unapaswa kuifahamu: vikope, ugonjwa ambao hospitali wanauita trakoma. Ni vijidudu vinavyopita kwenye mikono, kwenye nzi wanaotua usoni, kwenye pindo la khanga lililomfuta mtoto huyu kisha likamfuta yule. Mtoto anaugua, anapona, anaugua tena. Miaka inapita, ndani ya kope panafanya makovu, kope zinajikunja kuelekea ndani, na kila anapopepesa, nywele zinakwaruza jicho. Wanawake wanaumia kuliko wanaume kwa sababu ndio wanaokaa na watoto wadogo. Watafiti wamefanya kazi miaka mingi Kongwa, kwa jirani zako, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha nguvu ya jambo dogo kabisa: uso wa mtoto kuoshwa na kubaki safi.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na vikope. Alivaa shingoni kamba yenye kibano, vipande viwili vya chuma alivyotengenezewa na mhunzi. Jua likipanda alikaa mlangoni, uso juu, akaniita mimi mwenye macho makali nimng'oe kope zinazomchoma. Nilishika kope moja moja. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, naye hakutikisa kichwa. Siku moja nilibana ngozi badala ya ukope, damu ikatoka, nikaanza kulia mimi. Akanifuta kwa khanga ile ile, akasema, "Endelea, bado mbili." Alikuwa amelea watoto tisa na wajukuu nisioweza kuwahesabu. Macho yake yaliharibika mikononi mwetu, mwanangu. Nikikuta kikongwe mwenye macho mekundu kwenye kitabu cha watoto, na mwisho wake ni kuungua, mimi namwona yeye pale mlangoni.

Basi kesho fanya hivi. Nenda kwa mwalimu mkuu kabla ya paredi, umweleze yote, pamoja na kwamba chanzo ni wewe. Ijumaa usisome sura. Waambie watoto kwamba wewe mwalimu wao ulikosea ulipoandika, kwamba macho yanakuwa mekundu kwa moshi na kwa ugonjwa, na kwamba jina lile halitamkwi tena. Usiwachape wala kuwatisha, maana hawakutunga wao. Walichokosea ni kuamini kuwa mwalimu wao anajua. Halafu jina likitamkwa Jumatatu, na litatamkwa, mrekebishe aliyelitamka pale pale, na Jumanne tena. Majina ya utani hayafi kwa tangazo moja.

Kwa bibi mwenyewe nenda kimya, na mwalimu wa kike, jioni. Usimpelekee msafara wa wanafunzi wa kuomba radhi, utamfanya maonyesho. Mwambie mbukwa, salamu ya Kigogo, kaa chini, mpe habari za shule, tazama kama ana maji na kuni. Kama macho yanamsumbua, uliza kituo cha afya lini wanakuja wapasuaji wa vikope. Ni upasuaji mfupi, kope inarudishwa kutazama nje, na watu wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Na ukisikia mtu mzima, hata mmoja, analitumia lile jina, usisubiri, mwone mwenyekiti wa kitongoji. Tuna sheria ya uchawi tangu mwaka 1928, ipo hadi leo, na ndani yake kumtangaza mwenzako kuwa mchawi ni kosa. Mwenyekiti anajua, au anapaswa kujua.

Sasa mama.

Umesema alitaja habari za mama yake mkubwa na hukuona uhusiano. Mimi sikuwepo Mpwapwa na sitajifanya najua yaliyompata yule marehemu. Lakini soma tena mstari wako mwenyewe: mwanamke mzima anahamishwa kijijini, zamani, na mpwa wake, miaka yote hii baadaye, anaacha ungo wa maharage anaposikia habari za kikongwe wa pembeni mwa kijiji. Sura ya nne ina nini? Nadhani ndipo anapoingia Bibi Makaa. Mama yako ana miaka 68, ni mjane, anakaa na wajukuu. Alikuwa anamsikiliza mwanawe, kwa sauti aliyoilipia karo kwa karanga, akimweleza mwanamke kama yeye, na watoto wakicheka.

Wewe ulidhani ugomvi wenu ni wa dini na hadithi. Huenda hata yeye, alipomwendea mzee wa kanisa, alitumia neno la kanisani kwa sababu hakuwa na jingine la kusema mbele ya watu. Nenda Mpwapwa. Usiende na kitabu. Beba sukari na majani ya chai, fika mchana, msaidie kazi iliyo mkononi, na jioni wapwa zako wakishalala mwambie, "Mama, nieleze habari za mama mkubwa." Kisha funga mdomo. Akinyamaza, nawe nyamaza. Asiposema siku hiyo, lala, kesho yake msalimie kama kawaida, utarudi tena. Akisema, usimkatize kumwambia kitabu chako ni tofauti. Si tofauti, na yeye anajua.

Mzee wa kanisa mpigie baadaye, kwa heshima, umwambie hufundishi uchawi na umepata makosa unayoyarekebisha. Inatosha. Ugomvi wa simu na mzee wa kanisa haujawahi kumnufaisha mtu.

Umeniuliza kama umekosea kuandika. Kuandika hukukosea hata kidogo, na hapa nataka unisikie vizuri, maana nimekukaripia kurasa nzima. Yule binti aliyekuuliza "cha kwetu kiko wapi" aliuliza swali ambalo wachapishaji wetu wangepaswa kulibandika ukutani. Maajabu kwenye hadithi za Kiswahili ni kitu cha nyumbani. Shaaban Robert aliandika Adili na Nduguze mwaka 1952, kuna majini mle, kuna ndugu wawili wanaogeuzwa manyani kwa husuda yao, na vizazi vimekisoma darasani bila mtu kukiita kitabu cha uchawi. Mama yako mwenyewe, nina hakika, alikusimulia zimwi na fisi anayevaa nguo. Hakuogopa kwamba utakuwa fisi.

Kilichokuponza ni neno. Lugha yetu ina maneno mengi mahali ambapo Kiingereza mara nyingi kinafagia kwa neno moja. Mchawi kwa Kiswahili ni mtu anayedhuru, usiku, kwa siri, na hana upande mwema. Mganga anatibu, ingawa wapo wanaojificha humo. Mazingaombwe ni ya yule bwana anayetoa njiwa kwenye kofia sokoni. Muujiza ni wa Mungu. Na ajabu ni lile linalomfanya mtoto asiinuke kengele ikigongwa. Mwaka 1940 ilipotafsiriwa ile hadithi ya msichana aliyetumbukia kwenye shimo la sungura, iliitwa Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Mtafsiri alikuwa na masikio. Wenzetu wa Ulaya wanaweza kumwita mtoto mchawi na msomaji akatabasamu, kwa sababu kwao tangu mahakama ziache kuwaua watu kwa kosa hilo imepita zaidi ya miaka 200, neno limepoa, limekuwa la kuchezea. Kwetu bado lina moto. Ukilitafsiri kavu kavu na kulibandika kwenye jalada, umewapelekea watoto kaa la moto ukidhani ni pipi. Ondoa uchawi kwenye jina la kitabu, na uondoe kwenye mdomo wa Sechelela. Jina jipya usilitafute sasa, litakuja lenyewe ukishaandika upya.

Ndiyo, uandike upya. Nisamehe. Theluji kwanza. Nimeshangaa, mtu wa Chamwino, kijiji kinachopata mvua milimita 500 na kitu kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili basi, unampeleka mtoto kwenye mlima wa theluji, wakati ajabu kubwa kuliko zote huko kwenu ni maji. Watemi wa Wagogo walijulikana kwa mawe ya mvua. Mtoto wa Dodoma akiulizwa angependa uwezo gani, mimi sidhani atasema kuruka. Atasema aguse ardhi maji yatoke, ili dada yake asiamke saa kumi usiku kwenda na dumu. Ijengee shule yako hapo. Na kila uwezo uwe na gharama. Sechelela akiita maji kisima hiki, kisima cha kijiji jirani kishuke shubiri moja. Hapo tu umeshapata hadithi ya kurasa 180, na swali ambalo watoto watabishana mpaka nyumbani.

Ngome ya mawe nayo iache kwa wenyewe. Wazee wanasema jina la Dodoma limetoka kwenye "idodomya", tembo aliyekuja kunywa maji akadidimia kwenye matope mpaka akapotea. Alikwenda wapi? Hakuna aliyeniambia nilipokuwa mdogo, na niliuliza sana. Labda huko chini kuna mlango. Labda kuna shule yenye paa la udongo tambarare kama tembe, juu yake watoto wanaanika mtama, kengele yake ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mbuyu, na wanafunzi wanafika na tranka la bati na sabuni ya mche kama bweni lolote la Tanzania. Michoro ya miambani ya Kolo kule Kondoa, ile ya watu warefu wembamba na wanyama, iliyowekwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, inaweza kuwa maktaba yao. Ila pale Mongomi wa Kolo, mojawapo ya miamba hiyo, watu bado wanakwenda kuomba mvua, kwa hiyo ukitaka kupatumia, waulize kwanza wazee wa pale nini kinasemeka na nini hakisemeki.

Na Bibi Makaa? Usimfute. Mgeuze. Acha Sechelela naye aamini, kama wanafunzi wako walivyoamini, kwamba kikongwe ndiye anayekausha visima. Acha msomaji aamini pamoja naye mpaka katikati ya kitabu. Kisha siku moja mtoto aingie nyumbani kwa bibi kuiba dawa, akute kibano kimening'inia ukutani. Adui wa kweli awe yule anayepita kijiji hadi kijiji akiuza majina ya watu kwa mbuzi mmoja mmoja. Huyo tunaye, hakuna haja ya kumbuni sana. Na moto usiwepo mwishoni. Nimekataa kabisa huo moto. Mtoto anayefunga kitabu kwa kushangilia nyumba ya mzee ikiungua amejifunza kitu, hata kama hukukusudia kumfundisha.

Jina la bandia ni haki ya mwandishi yeyote, lakini ukilitumia kumkwepa mama yako utaandika ukitazama nyuma kila ukurasa. Mchapishaji aliyekwambia uandike Kiingereza, mshukuru umwache. Darasa lako la watoto 70 limeshakujibu swali la lugha. Ukitaka kitabu kitumike mashuleni, kitahitaji ithibati kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, hiyo ni safari yake. Na taasisi hiyo hiyo inaratibu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, ambayo imekuwa na kundi la hadithi za watoto. Fuatilia tangazo lao. Lakini usitume hiki ulichonacho sasa.

Ukishapata sura mpya ya nne, isome kwanza kwa mama. Si kwa ruhusa, wewe ni mtu mzima. Isome kwa sababu anajua mambo ya sura ile ambayo wewe huyajui: jinsi mtu anavyotembea akijua watu wanamtazama mgongoni, anachobeba anapoambiwa aondoke kabla ya jua kuzama, nani anamfungulia mlango kijiji cha pili. Akikurekebisha, andika. Akiinuka tena akaingia ndani, mfuate.

Niandikie ukitoka kwa yule bibi wa jirani. Nataka kujua kama alikuwa na maji.

Shangazi yako